Kwa nini salamu moja inapoteza hesabu iliyokuwa kichwani?

SWALI: Jambo Docta. Mimi ni kambisti, nabadilisha dola na faranga, meza yangu iko kando ya barabara Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka wa 11 sasa. Hesabu zangu nazipiga kichwani; mashine naitoa tu mteja akitaka kuhakikisha. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo kikuu, na anasema hesabu zinakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kama ni hivyo, kwa nini mtu akipita na kunisalimia nikiwa katikati, nambari yote inanipotea? Sikio na hesabu vinakutana wapi? Na kwa nini nikianza kuhesabu nazima redio bila hata kufikiri?

JIBU: Jambo sana, mama. Mtoto wenu hakukosea kabisa, ila ameshika kipande kimoja tu. Hakuna chumba cha hesabu ndani ya kichwa. Kuna sehemu nyingi zinazopokezana kazi, na salamu inakuvuruga kwa sababu inaingia katikati ya kupokezana huko.

Tuchukue kazi yako yenyewe. Mteja anakuletea dola 37, na tuseme leo dola moja ni faranga 2,800. Picha ya noti inapokelewa kisogoni, kwenye sehemu ya kuona, kisha inashuka chini ya ubongo ambako maumbo ya tarakimu yanatambuliwa. Hayo yote hayafiki hata robo ya sekunde. Ukubwa wa kiasi, yaani kujua kwamba 37 ni karibu na 40 na iko mbali na 90, unapimwa juu, nyuma ya utosi, pande zote mbili, kulia na kushoto. Kisha unaigawa hesabu: 30 mara 2,800 ni 84,000. Jibu la "tatu mara ishirini na nane" linakuja zaidi kutoka upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, jirani na sehemu za lugha. Hapo ndipo mtoto wenu ana haki. Lakini sasa ile 84,000 lazima ishikwe isianguke wakati unatafuta 7 mara 2,800. Kushika huko ni kazi ya sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, zikisaidiana na zile za nyuma ya utosi. Unapata 19,600, unajumlisha, unampa mteja faranga 103,600.

Kwamba sehemu hizi kweli zimegawana kazi, nilijifunza zaidi kwa mgonjwa kuliko kwa kitabu. Mzee mmoja mstaafu wa reli alipata kiharusi. Ukimwambia "saba mara nane" alijibu papo hapo, kama mtu anayesali Baba Yetu. Ukimuuliza nambari gani iko kati ya 2 na 4, alinyamaza akikutazama. Maneno ya jedwali yalikuwa salama. Maana ya kiasi ilikuwa imeondoka. Mkewe alilia siku ile, nami sijamsahau.

Tunajuaje kinachotokea kwa mtu mzima wa afya? Mwanzo wake ni wa zamani. Katika karne ya 19 mtafiti Angelo Mosso wa Italia alimchunguza mkulima aliyeitwa Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa na tundu. Alipomwambia azidishe 8 kwa 12, mapigo ya damu kwenye ubongo yaliongezeka. Mashine za leo za kupiga picha za ubongo zinafuata damu hiyohiyo, lakini damu ni mzito wa miguu: inafika kileleni baada ya sekunde tano au sita, na wewe wakati huo umeshampa mteja pesa zake. Ili kuona mwendo wenyewe tunapima umeme. Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliyetangaza vipimo vya kwanza vya umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1929. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi ya takribani 10 kwa sekunde yanajaa kisogoni. Mpe hesabu ngumu, yanapungua, na katikati ya sehemu ya mbele yanaongezeka mawimbi ya polepole zaidi, kati ya 4 na 8 kwa sekunde.

Mawimbi haya yana kazi gani? Umewaona vijana wakishusha matofali kwenye lori, wakirushiana mkono kwa mkono. Anayerusha lazima arushe wakati mikono ya mwenzake iko wazi. Akirusha mapema, tofali linavunjika chini. Seli za ubongo nazo zina nyakati za kuwa wazi na nyakati za kufunga, na wimbi ndilo linaloonyesha zamu hizo. Sehemu mbili zikienda kwa mapigo yanayolingana, ujumbe unapita, zisipolingana, unapotea. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha mazungumzo ya ubongo kinategemea jambo hili, lakini mimi naliona kuwa maelezo yenye nguvu.

Sasa salamu. Ile 84,000 unaishika kwa kuirudia ndani kwa ndani, kwa sauti isiyotoka. Kurudia huko kunatumia njia zilezile za kusikia na kusema. Maneno ya mtu yanaingia sikioni bila kuomba ruhusa na kuketi palepale pa nambari yako. Tena kwetu salamu haiachwi bila jibu: ulimi wako wa ndani unaacha kurudia ili ujibu "jambo", na ndani ya sekunde chache nambari imefutika. Ndiyo sababu unazima redio. Jenereta ya jirani inaunguruma siku nzima wala haikusumbui hivyo, kwa kuwa mngurumo usiobadilika si maneno.

Nadhani pia unapiga hesabu kwa Kifaransa hata ukizungumza Kiswahili na mteja. Wengi wetu hapa tuko hivyo, kwa kuwa jedwali tulilikariri shuleni. Mwaka 1999 watafiti Stanislas Dehaene, Elizabeth Spelke na wenzao walionyesha kwamba hesabu kamili iliyofundishwa kwa lugha moja inachelewa ikiulizwa kwa lugha nyingine, lakini kukadiria hakuchelewi. Kwa hiyo usijilazimishe kubadili lugha katikati ya kazi.

Na usione kupotewa na nambari mtu akikusalimia kuwa dalili ya uzee. Ila kama nambari zitaanza kupotea bila mtu kukukatiza, au maneno yakukwame ghafla, au mdomo upinde, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho.

Kwa kazi ya kila siku, toa mzigo kichwani mapema: ukishapata 84,000, hesabu noti hizo kwanza uziweke chini ya kiganja cha kushoto, ndipo utafute 19,600. Na mtu akikusalimia katikati, mwinulie mkono. Mkono unajibu salamu bila kuugusa ulimi. Neno utampa ukimaliza.