Jibu: maadili yalitangulia dini?

Mkuu, umeuliza kama watu wangeweza kuwa na maadili kabla ya kuwa na dini. Anzia Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa huko, hawana makuhani, mahekalu wala mahubiri, na hadithi zao za jua na mwezi hazikazii mungu anayefuatilia nani kafanya uchoyo. Hata hivyo mnyama mkubwa akiangushwa, nyama hugawanywa kambi nzima, na mwenye mshale hana ubavu wa kuizuia. Sababu iko wazi: windo kubwa hupatikana kwa nadra, nyama haikai, leo kwako kesho kwangu. Mchoyo husemwa, huombwa mpaka achoke, na wenzake wakishindwa naye wanahama.

Lakini usikimbilie kusema dini haina kazi pale. Sehemu fulani za mnyama, moyo na figo zikiwemo, ni nyama ya epeme: huliwa faraghani na wanaume waliokwisha kuingizwa rasmi katika utu uzima tu, na anayevunja mwiko huaminika atapatwa na maradhi. Sasa tazama mwiko huo unalinda nini. Fungu la wanaume, si haki ya jirani!

Ile hoja kwamba jamii kubwa zilihitaji kwanza mungu mwenye kuadhibu waovu ina mtego wake. Jarida la sayansi la Nature lilitoa makala mwaka 2019 ikidai jamii kubwa zilitangulia miungu wa aina hiyo. Iliondolewa 2021, kwani penye pengo la kumbukumbu, data nyingi zilijazwa kana kwamba miungu hao hawakuwepo. Kwa jamii zisizo na maandishi, kosa hilo linageuza jibu zima.