Fomu inajituma mapema, tena inaingia mara mbili

Swali: Nina fomu ya maombi kwenye tovuti. Watu wanalalamika kwamba inatumwa kabla hawajamaliza kujaza, na kwenye hifadhidata nakuta ombi lile lile limeingia mara mbili. Nimeandika JavaScript inayozima kitufe cha kutuma pindi kinapobofywa, lakini hali ni ile ile. Nakosea wapi?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, kila moja na chanzo chake.

Kwa hilo la kutumwa mapema, kagua vitufe vyote vilivyomo ndani ya fomu. Kitufe kisichoandikiwa aina, kivinjari hukihesabu kuwa ni cha kutuma. Kwa hiyo hata kile cha "Ongeza mstari" kinaondoka na fomu nzima. Kiandikie type="button", kitatulia. Wengine hubonyeza Enter wakiwa bado kwenye kisanduku cha kwanza. Usiizuie Enter, maana wapo wanaotumia kibodi tu. Weka required kwenye visanduku vya lazima, na kivinjari chenyewe kitagoma kutuma fomu yenye pengo.

Sasa marudio. Kubofya si kutuma. Mtu akibofya kabla hajajaza sehemu ya lazima, msimbo wako unazima kitufe ilhali fomu haijaenda popote, naye anakwama. Hamishia kazi hiyo kwenye tukio la submit la fomu, ambalo hutokea baada ya ukaguzi wa kivinjari kupita.

Hata hivyo, kitufe ni msaada kwa mtumiaji tu. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea ombi lakini kabla jibu halijarudi, mtu atatuma tena, na ana haki. Kinga ya kweli iko kwenye seva. Fomu inapofunguliwa, seva itoe tokeni ya kipekee (alama ya kutambulisha fomu hiyo moja) kwenye kisanduku kilichofichwa, kisha iihifadhi pamoja na ombi katika safu yenye sharti la UNIQUE, yaani isiyokubali thamani ile ile mara mbili. Wengi huacha sharti hilo, wakatafuta kwanza kwa SELECT (amri ya kusoma hifadhidata) kama tokeni ipo, ndipo waingize. Hapo pana mwanya mkubwa: maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote yataambiwa haipo, na yote yataingia. Iache hifadhidata yenyewe ikatae. Ikikataa la pili, tafadhali usimtupie mtu ujumbe wa kosa. Mwonyeshe uthibitisho wa lile la kwanza, kwa kuwa ombi lake limefika.

Ukishahifadhi, mwelekeze kwa 303 (jibu la seva linaloagiza kivinjari kifungue ukurasa mwingine) kwenye ukurasa wa uthibitisho, ili akiupakia upya asitume tena.

Jaribu pia kurudi nyuma kwa kivinjari. Baadhi hurejesha ukurasa kama ulivyoachwa, kitufe kimezimwa na tokeni ni ya zamani. Sikiliza tukio la pageshow, linalotokea ukurasa unapoonyeshwa. Sifa yake ya persisted ikiwa kweli, yaani ukurasa umerejeshwa kama ulivyoachwa, pakia ukurasa upya.