Mlo wa Gharama Kubwa Mara Mojamoja: Jibu kwa Msomaji Aliyeniuliza Kama Ni Israfu

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, kama mtu mwenye kipato cha kawaida hafanyi israfu anapomaliza akiba ya miezi kwa mlo wa jioni moja, tena mlo wa vipande vidogo vinavyoletwa kimoja kimoja katika sahani pana, ule unaoitwa menyu ya kuonja. Swali hilo nimeulizwa na watu walio karibu nami zaidi, kwa maneno makali kuliko yake, na ndiyo maana jibu ninalo tayari.

Si israfu, mradi fedha hizo ziwe zimetengwa mapema na ziwe zimekwisha kufutwa moyoni kabla hujaketi mezani. Mimi huweka kidogo kidogo katika bahasha ambayo haihusiani na kodi ya nyumba wala ada za watoto, na siulizi nafasi mgahawani mpaka bahasha itimie. Sijawahi kula menyu ya kuonja kwa mkopo, na nasema hivyo kwa fahari ambayo sioni sababu ya kuificha.

Wanaocheka udogo wa vipande huwa hawajajiuliza kwa nini ni vidogo. Thomas Keller, mpishi wa mgahawa wa The French Laundry huko California, ameeleza kwa miaka mingi kwamba utamu wa chakula huwa mkali katika matonge machache ya kwanza, kisha ulimi huzoea na kuchoka, kwa hiyo yeye hupenda sahani iondolewe wakati mlaji bado anatamani tonge moja zaidi. Katika mgahawa wa elBulli nchini Hispania, uliofungwa mwaka 2011, Ferran Adrià na wenzake waliweza kumletea mgeni vionjo zaidi ya 30 kwa usiku mmoja, jambo ambalo tumbo la binadamu lisingelistahimili kama kila kimoja kingekuja kwa kipimo cha kushibisha. Anayekwenda kutafuta shibe amekosea mlango.

Mara ya mwisho, sahani ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya karoti, karoti moja tu, iliyookwa polepole hata ngozi yake ikakunjamana na kuwa nyeusi kidogo nchani. Mhudumu aliinama, akamimina mchuzi wa rangi ya kahawia kutoka katika birika dogo, na mvuke ulipopanda nikasikia kwanza harufu ya siagi iliyounguzwa, kisha harufu nyingine ya udongo wenye maji ambayo sikuitarajia. Nilikuwa sijainua uma wakati rafiki yangu wa miaka mingi, niliyemwalika na kumlipia, alipotoa simu, akagawa bei ya mlo kwa idadi ya sahani, na kunitangazia thamani ya karoti ile kwa sauti iliyomfikia mhudumu. Baadaye alikisimulia kisa hicho mbele ya jamaa zetu kama kichekesho, na wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa mtu hufanyaje? Lakini sijamwalika tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua mwenzi kabla ya kuchagua mgahawa. Ushauri wa pili ni ule ule wa bahasha, na hapa migahawa yenyewe imetusaidia, kwani mingi hudai amana au malipo yote siku unapoweka nafasi. Mgahawa wa Next wa Chicago, ulipofunguliwa mwaka 2011, uliuza nafasi zake kwa tiketi zilizolipiwa kabla, kama za jumba la maonyesho. Wapo wanaolalamikia utaratibu huo, ila mimi naupenda, kwa sababu maumivu ya kulipa huwa yamepoa wiki nyingi kabla ya chakula.

Usihangaikie mno nyota. Kitabu cha mwongozo cha Michelin, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi kwa ajili ya wenye magari, kilianza kutoa nyota mwaka 1926, na nyota hizo hupima kilichomo sahanini, hazipimi vitambaa vya meza wala vinara. Mgahawa wa nyota moja unamtosha kabisa anayeanza, na mahali pengi menyu ya mchana huwa fupi na nafuu kuliko ya usiku. Taja unapoweka nafasi vyakula vinavyokudhuru, maana jikoni hupanga mlo huo mapema na hakuna wa kubadilisha sahani papo hapo bila kuharibu mpangilio. Vinywaji uulize bei yake siku hiyo hiyo, kwani ndivyo vinavyotoboa bahasha.

Baada ya hapo, ndugu msomaji, acha kuomba ruhusa. Tumelelewa kuamini kwamba fedha iliyonunua kitu cha kushikika imetumika vizuri, na iliyonunua saa tatu za kuonja kazi ya watu waliojifunza jambo moja maisha yao yote imepotea, na imani hiyo hatuihoji hata inapotudhulumu. Rafiki yangu yule hubadilisha simu kila toleo jipya linapotoka, nami sijawahi kugawa bei yake kwa idadi ya simu alizopiga. Ukikosa mwenzi wa kufaa, nenda peke yako, omba kiti kinachotazama jikoni iwapo kipo, na wakikuuliza nyumbani unakwenda wapi, waambie unakwenda kula, bila kutaja bei.