Siku 10 Bila Simu, Baada ya Kuitwa Mwizi

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, aliniandikia. Amesemwa vibaya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa ajili ya michango ya harusi, na swali lake lilikuwa moja: "Dada, wewe uliwezaje kunyamaza?"

Sikuweza, mdogo wangu. Nilifundishwa, tena baada ya kuumia sana.

Nilikuwa mwanafunzi Pune, India. Mwenzetu akafariki, tukachangishana ili tumsafirishe nyumbani, na daftari nikalishika mimi. Mwili ulifika, akazikwa. Wiki mbili baadaye mtu akaandika kundini: "Tunaomba maelezo ya hesabu." Hakusema nimeiba. Wengine ndio waliomalizia. Nilituma risiti zote, ya hospitali, ya jeneza, ya ndege. Wakaendelea. Nami nikawa najibu hadi saa nane usiku, natuma sauti za dakika nne nne, na asubuhi naishika simu kabla sijanawa uso. Hesabu zilipokaguliwa haikupungua hata rupia moja. Mpaka leo hakuna aliyeniambia samahani. Bado inaniuma, na siwezi kuwaficha.

Mwenzangu wa chumbani, binti wa Kimarathi, alinitazama nikikonda, akaniandikisha kozi ya Vipassana, yaani kutafakari kimyakimya kwa njia iliyotokana na mafundisho ya Budha, huko Igatpuri, mji mdogo wa reli milimani kwenye njia ya kutoka Mumbai kwenda Nashik. Mwalimu wa kozi hizi ni S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1924. Mwenyewe alianza kutafakari akiwa anateswa na kipandauso hadi anachomwa mofini. Alifariki mwaka 2013, ila ukumbini unaisikia sauti yake iliyorekodiwa. Kozi hailipiwi. Ukiimaliza, unatoa unachojaliwa kwa ajili ya watakaokuja baada yako. Kwa mtu aliyetoka kusimangwa kwa michango, jambo hilo lilinigusa.

Simu unaikabidhi mlangoni. Tangu mwanzo hadi asubuhi ya siku ya 10 huongei na mwanafunzi mwenzako wala kumtazama machoni. Kengele inalia saa kumi alfajiri, na kwa siku unakaa kutafakari jumla ya saa kama 10. Mimi ni Mlutheri na nimebaki Mlutheri, ila wanakuomba uweke kando ibada zako kwa siku hizo, na usiku wa kwanza nililia kwa hilo.

Siku tatu za mwanzo ni kuangalia pumzi tu puani. Siku ya nne unaanza kuupitia mwili, kutoka utosini hadi vidoleni, na baada ya hapo kuna vikao vya saa nzima ambavyo husogezi mguu wala mkono. Katika kimoja cha vikao hivyo nikajishtukia natunga jibu. Taya zimebana, kifua kinawaka, nampangia mtu yule maneno. Simu sina, kundi sina, hakuna aliyenitukana tangu Jumatano, na bado nilikuwa nagombana. Budha alimfananisha mtu wa namna hiyo na aliyechomwa mshale mmoja, kisha akachomwa wa pili. Wa kwanza waliurusha wao. Wa pili nilikuwa nao mimi mkononi.

Kuna kisa kingine katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, ninachokipenda zaidi. Brahmani mmoja, mtu wa tabaka la makuhani, alimwendea Budha akamtukana matusi yote aliyoyajua. Budha akamuuliza: wageni wakija kwako, ukawaandalia chakula, wasile, chakula kinabaki cha nani? Changu, akajibu. Basi na haya, akaambiwa, mimi sijayapokea.

Tuangalie tunavyoishi sasa. Msiba tunagombana, harusi tunagombana, uchaguzi ndio usiseme. Kila sahani ya matusi inayopitishwa tunaipokea kwa mikono miwili, tunakula, kisha tunashangaa usingizi umekwenda wapi. Ujumbe ukikuchoma, geuza simu kifudifudi. Utafute moto ule mwilini, uko kifuani au tayani, uuangalie mpaka upungue. Utapungua. Kisha jiulize mambo aliyoyataja Budha kuhusu neno jema: ni la wakati wake? Ni la kweli? Ni la upole? Lina faida? Linatoka katika moyo unaomtakia mwenzako mema? Langu la saa nane usiku lilikuwa la kweli tu. Mengine manne halikuwa nayo, na bado nililituma. Geuzeni simu, jamani. Nasisitiza kwa sababu ndilo tunaloshindwa.

Mwezi uliopita yule aliyeomba maelezo alinipigia. Ana mgonjwa anayepelekwa Pune, alitaka kujua nyumba za kupanga karibu na hospitali. Hakugusia ya nyuma. Nilimpa namba mbili na jina la mtaa. Mkono ulikuwa unatetemeka, ila sauti haikutetemeka, na hilo najivunia kuliko cheti nilichotoka nacho India.

Wewe uliyeniandikia, tuma hesabu zako leo, mara moja, zikiwa na picha za risiti. Atakayeuliza tena, mwelekeze kwenye ujumbe huohuo. Halafu zima data ukamsaidie mama kuchambua mchele, maana harusi umeniambia ni Jumamosi.