Maswali ya Wasomaji: Ratiba inayovunjika kabla ya saa nne

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaosoma, au wanaosomesha, wakiwa nyumbani. Tumejibu sita kati ya hizo. Ya kwanza tumeikalia kwa muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu wengi wenu mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Shikamooni. Nasoma shahada kwa njia ya mtandao, mwaka wa pili. Kila Jumapili usiku napanga ratiba ya wiki nzima, saa kwa saa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Jumatatu ikifika saa nne asubuhi nimeshachelewa, na Jumanne naiacha kabisa. Je, mimi ni mvivu?

Marahaba, mdogo wetu. Mvivu hakeshi Jumapili akipanga wiki nzima. Kasoro iko kwenye ratiba yenyewe. Umejipangia siku ya saa 16 ambayo ndani yake hakuna atakayekuita, mtandao hautakatika, na hakuna sura ya kitabu itakayokuwa ngumu kuliko ulivyodhani. Siku ya namna hiyo haipo. Likitokea jambo moja tu saa tatu, yote yaliyopangwa baada yake yanasukumana, na ifikapo saa nne unaona heri uache.

Kukadiria muda kwa matumaini ni kosa la karibu kila mtu. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao wanafunzi wanaoandika tasnifu waliulizwa wangemaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema 34. Walipotakiwa kukadiria kana kwamba kila kitu kitaenda mrama, walisema 49 hivi. Zikawa zaidi ya 55. Yaani hata makadirio yao ya balaa yalikuwa mafupi.

Kwa hiyo pima kwanza, halafu ndiyo upange. Kwa siku tatu usipange chochote. Weka daftari kando ya kompyuta, na kila unapoanza na kumaliza jambo andika saa, hivi:

3:10–3:50 takwimu, kurasa 12
3:50–4:25 simu
4:25–5:15 takwimu, maswali 4 (la 3 limenishinda)

Mistari hii mitatu inasema mengi. Kurasa 12 zimechukua dakika 40, basi sura ya kurasa 30 ni dakika 100, wakati kwenye ratiba uliiandikia saa moja. Pumziko la simu limekula dakika 35. Na swali la tatu halitaki muda zaidi, linataka mtu wa kukuelekeza.

Baada ya hapo panga siku moja tu, usiku wa kuamkia siku hiyo. Kila kadirio lizidishe kwa moja na nusu. Kama kazi hujawahi kuifanya, zidisha kwa mbili. Kisha jaza theluthi mbili tu za muda ulio nao: ukiwa na saa 9 za kusoma, panga 6. Zile 3 zilizobaki zitajazwa na siku yenyewe, usizihangaikie. Kazi iandike kwa kitendo. "Kusoma takwimu" haikwambii uanzie wapi. "Maswali 1 hadi 4, ukurasa wa 88" inakwambia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Darasani kulikuwa na kengele, kulikuwa na safari ya asubuhi, wenzako wakiinuka nawe unainuka. Vitu hivyo vilikuwa vinakuamulia bila wewe kujua. Nyumbani havipo, na kazi yote ya kuamua "sasa nianze" imekuangukia wewe, tena mara nyingi kwa siku. Hapo ndipo nguvu zinapoishia. Jitengenezee kengele nyingine kwa kuifunga kazi kwenye tendo usilolikosa: "Nikishaoga, nakaa mezani, nafungua ukurasa wa 88." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia iliyowekwa kwa muundo huu, likitokea hili nitafanya lile, hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu.

Kuhusu mapumziko, utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika ulianzishwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unafaa sana kwa kazi unayoikwepa, kwa sababu dakika 25 hazitishi. Kwa hesabu au kuandika insha, 25 ni chache: ndiyo kwanza umeingia ndani ya kazi, kengele inalia. Jaribu 50 kwa 10. Kinachoharibu utaratibu huu mara nyingi ni pumziko la simu. Video fupi hazina mwisho, moja inaita nyingine. Pumziko lichague lenye mwisho wake: glasi ya maji, kunyoosha mgongo, kutoka nje na kurudi.

Na siku ikivunjika, maana itavunjika, usisogeze kila kitu mbele. Chora mstari chini ya saa uliyopo, futa yaliyopita, chagua kazi moja kati ya zilizobaki, endelea. Iliyofutwa utaiamulia usiku.

Nina mihadhara 14 iliyorekodiwa ambayo sijaitazama, kila mmoja dakika 90. Naitazama usiku mfululizo lakini asubuhi sikumbuki kitu.

Viporo hivyo ni saa 21. Ukivitazama kwa kasi ya moja na nusu ni saa 14, na hasara ya kuelewa ni ndogo. Utafiti uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanafunzi walielewa vizuri hata kwa kasi maradufu. Kwenye mbili na nusu ndipo uelewa ulipoanguka. Ushauri wetu ni moja na robo hadi moja na nusu, na urudi kwenye kasi ya kawaida mhadhiri anapoanza kuandika milinganyo au anapotumia lugha usiyoizoea.

Lakini kasi siyo dawa ya kusahau. Unasahau kwa sababu unatazama tu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliosoma kisha wakajilazimisha kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojikumbusha waliwaacha mbali. Kwa hiyo simamisha video kila baada ya dakika 15, funika skrini, andika kwa kichwa mambo matatu uliyosikia. Ukishindwa kupata hata moja, rudisha nyuma kipande hicho tu.

Kuhusu mpangilio: mhadhara mpya utazame siku hiyohiyo unapotoka, ili rundo lisikue. Kisha kiporo kimoja kwa siku, ukianza na vile vinavyohusu zoezi au mtihani ulio karibu, siyo vya zamani zaidi. Kwa wiki mbili umemaliza. Na usiku lala, kwani usingizi ndiyo muda ambao ubongo unatulizia ulichojifunza. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Binti yangu wa miaka 11 anasoma mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Jioni macho mekundu, kichwa kinauma, na usiku hapati usingizi.

Mama, anza na macho. Mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache sana kuliko kawaida, na machozi yanayolainisha jicho hukauka. Misuli ya ndani ya jicho nayo imekazwa kwa kutazama karibu. Mfundishe kwamba kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku akipepesa. Mtoto hatakumbuka peke yake. Tega saa.

Kisha meza. Skrini iwe mbali naye kwa sentimita 50 hadi 70, takriban urefu wa mkono wake mzima ulionyooshwa au zaidi kidogo, ukingo wa juu ukilingana na macho yake. Vitabu viwili vitatu chini ya kompyuta vinatosha kuiinua. Nyayo zikae chini. Zisipofika, weka boksi. Dirisha liwe ubavuni: likiwa nyuma yake mwanga unapiga skrini, likiwa mbele unampiga machoni.

Vipindi vya kamera vina uchovu wake wa pekee. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliueleza mwaka 2021: nyuso kubwa zinazokutazama kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe kama uko mbele ya kioo, kukaa bila kusogea, na kazi ya ziada ya kusoma ishara za watu kupitia skrini. Hili la kujiona linatatulika kwa sekunde moja. Programu nyingi za mikutano zina sehemu ya kuficha picha yako usiione, huku wengine wakiendelea kukuona. Mfichie. Punguza pia ukubwa wa dirisha la kipindi ili nyuso zisijae.

Usiku, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Kijana wa 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Zima vifaa saa moja kabla ya kulala, na simu na kompyuta zichajiwe sebuleni, nje ya chumba anacholala. Zote, pamoja na yako, la sivyo hatakubali. Akiendelea kuumwa kichwa wiki mbili baada ya marekebisho haya, au akikunja uso kutazama vitu vya mbali, apimwe macho.

Vipindi vya video vinamaliza bando langu katikati ya wiki. Nifanyeje?

Piga hesabu. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa (megabiti 8 ni megabaiti 1), na kamera yako ikiwa wazi unatuma pia, siyo kupokea tu. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 30 kwa saa. Kwa hiyo zima kamera yako, zima pia video zinazoingia, na mwombe mwalimu atume slaidi kabla ya kipindi uzifuate kwa sauti. Angalia na masasisho ya programu yanayojipakua yenyewe. Mara nyingi hayo ndiyo mwizi.

Sijaongea na mtu ana kwa ana kwa siku kadhaa. Nalala mchana, sifungui kompyuta, na nimeacha kujibu ujumbe wa wenzangu. Naona aibu kurudi.

Ndugu yetu, umefanya vema kuandika. Jambo la kwanza: kama kuna wakati unafikiria kufa au kujidhuru, usisubiri ushauri wa gazeti. Mwambie leo mtu aliye karibu nawe, kwa maneno ya wazi, na mwende pamoja kituo cha afya. Usikae peke yako.

Kama hujafika huko, angalia muda. Huzuni, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, na usingizi au ulaji uliobadilika vikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Ni ugonjwa unaotibika.

Wakati huohuo, amka saa ileile kila siku na utoke nje kwenye mwanga asubuhi, hata dakika 10. Mwanga huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili iliyohamia mchana. Tafuta mwenzako mmoja mpigiane simu ya kusoma kimyakimya: mnasema kila mmoja atafanya nini, mnanyamaza dakika 50, mnaambiana mmefika wapi. Huhitaji kuwa na la kusema, na hilo ndilo linaloufanya utaratibu huu umfae mtu aliyechoka.

Aibu inalishwa na ujumbe ambao haujaandikwa. Huu hapa, nakili: "Habari, mwalimu. Nimekuwa na wakati mgumu na nimekosa vipindi vya wiki mbili. Naomba kujua kazi ipi niianze kwanza, na kama naweza kuongezewa muda." Usieleze zaidi ya hapo isipokuwa ukiulizwa. Utume mchana, kabla hujausoma mara ya tatu.

Nafundisha sekondari kwa mtandao. Nusu ya darasa hawakusanyi kazi, na wanaokusanya wanatuma saa tano na dakika 58 usiku.

Mwalimu, bila shaka umeweka mwisho saa sita usiku. Wengi huamka kwa ajili ya mwisho, na wa kwako uko saa ya kulala. Uhamishie saa 11 jioni.

Kazi zote za wiki zikae mahali pamoja, zitoke siku moja. Mwanafunzi mwenye masomo manane ambaye kila mwalimu anatuma kwa njia yake, huyu kwenye kundi la ujumbe, yule kwa barua pepe, anapoteza kazi kabla hajaisoma. Kaeni na wenzako mkubaliane. Kila kazi iandikie dakika unazotarajia: ifanye mwenyewe kwanza ukitazama saa, halafu zidisha mara tatu. Ikizidi saa moja, ikate vipande viwili na kila kipande kiwe na siku yake.

Kwa wasiokusanya kabisa, acha kuwaandikia kwenye kundi. Piga simu tatu kwa siku, dakika tano kila moja, na uliza swali moja: "Ulikwama wapi?" Wengine watakuambia hawana kifaa mchana kwa sababu kaka au dada anakitumia. Huyo mpe kazi ya daftarini, apige picha jioni.