Mgosi, usikubali fundi achimbe helmeti. Soma hapa kwanza

Weka kisu chini. Nimesoma ulichoandika nimeacha chai inapoa. Spika za intakomu, kile kidude cha kuongelea helmeti kwa helmeti mkiwa kwenye pikipiki, zinakubana masikio, ukifika Muheza unatamani kuivua helmeti uitupie wauza machungwa, na fundi kakwambia "tunachimba kidogo tu humo ndani zikae". HAPANA. Hiyo "kidogo tu" ilinila laki na themanini na mpaka leo wife akitaka kunichokoza anaanzia hapo.

Mimi nilinunua intakomu ili tuongee njiani tukienda Lushoto, maana zamani wife alikuwa ananipiga mgongoni, pigo moja simama, mawili njaa, matatu sijui nini, nilikuwa nafika mgongo kama wa punda. Nikabandika spika mwenyewe juu ya kitambaa, pale nilipoona panafaa. Tanga hadi Pongwe safi. Baada ya hapo sikio la kulia likaanza kuuma kama limeshikwa na koleo, sauti yenyewe nimepandisha hadi mwisho nasikia upepo tu. Kufika Segera sikio limekuwa andazi.

Niliporudi nikampelekea fundi mmoja Ngamiani. Huyu bwana, Mungu anisamehe, hakutoa hata sponji ya shavu aone nyuma kuna nini. Kachukua kisu kachimba ile nyeupe, ile inayofanana na ya kwenye boksi la friji, pande zote mbili, akapaka gundi ya viatu akagandamiza spika zake. "Hizi hazitoki mpaka kiama." Kweli spika hazikutoka, ilotoka ni ile nyeupe! Gundi ya viatu inaila ile kitu, inaiyeyusha kama sukari kwenye chai. Asubuhi nakuta shimo linaingia ngumi ya mtoto, spika inaning'inia na kipande cha gundi. Nampigia ananiambia "labda helmeti yako feki". Feki yeye.

Na usidhani nalilia pesa tu. Ile nyeupe ndo helmeti yenyewe. Gamba la nje linasambaza kishindo na kuzuia vyenye ncha, ila ukidondoka kinachobonyea badala ya fuvu lako ni ile nyeupe, na ikishabonyea hairudi. Ukiichimba pembeni ya sikio umebaki na kichwa na lami, katikati kakaa spika ngumu kama kifuniko cha chupa. Sikuanguka nayo alhamdulillah, lakini sikuthubutu kuivaa tena. Ipo uani, kuku anatagia. Hayo mayai ndo ghali kuliko yote Tanga nzima.

Sasa sikia kilichoniumiza roho. Siku naikabidhi kwa kuku nikaamua nitoe sponji angalau zifuliwe. Zile za mashavuni zinashikwa na vifungo vya kubonyeza tu, unavuta tak tak tak zimetoka. Nyuma yake nikakuta kishimo cha duara, kila upande, kimetengenezwa kiwandani maalum kwa spika. Kilikuwepo siku zote! Fundi kachimba vidole viwili mbele ya shimo lililokuwa tayari. Nilicheka peke yangu uani mpaka jirani akachungulia.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja tu na nitairudia hadi mnichoke: nafasi inatafutwa kwenye sponji, ile nyeupe haiguswi. Spika nyingi zina upana wa kama milimita 40 na unene unakaribia sentimita moja, hiyo sentimita ndo inayokuua. Ikiingia kwenye kishimo imekwisha. Kama yako haina kishimo, punguza sponji laini kwa nyuma, kwa mkasi, kidogo kidogo, helmeti isije ikaanza kucheza kichwani, au tafuta spika nyembamba. Shikiza na ule mkanda wa kunata uliokuja kwenye boksi, gundi weka mbali. Halafu kabla hujakaza washa muziki, vaa, vua, sogeza nusu sentimita, vaa tena, mpaka sauti ikujie yenyewe bila kupandisha. Lazima itazamane na tundu la sikio. Yangu ilikuwa imelalia mfupa wa nyuma ya sikio, ndo maana nilikuwa kiziwi na maumivu juu. Waya nao upite chini ya kitambaa usikanyagwe na sikio.

Ukimaliza kaa nayo sebuleni nusu saa, angalia mpira nayo kichwani. Watoto watakucheka, zoea. Ila kama hata bila spika masikio yanajikunja, hiyo saizi sio yako, spika unazisingizia.

Uliuliza na maiki na chaji kufika Lushoto, nilikuwa na neno kuhusu maiki limenitoka, hasira za yule fundi. Wewe kesho usiende kwake. Vuta hizo sponji za mashavuni, piga picha ya nyuma yake, tupia hapa tuone kama kishimo unacho.