Usiifiche Ile Notisi

Juzi usiku wa manane dada mmoja ameniandikia: "Dada, zimebaki siku tisa nitolewe vyombo nje. Nianzie wapi?" Nikamuuliza kama ameshaongea na mwenye nyumba. Hajaongea. Nilijua.

Nilijua kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Malimbikizo ya kodi yalipofika miezi mitatu, notisi ilipenyezwa chini ya mlango. Niliikunja mara nne, nikaitia ndani ya foronya, nikailalia wiki mbili nzima, mume wangu ubavuni hajui kitu. Aliyeiibua ni mwanangu, ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Akaja nayo sebuleni, anaisoma kwa madaha, silabi kwa silabi: "U-na-ta-ki-wa ku-ha-ma." Kisha: "Mama, tunahamia wapi?"

Kesho yake tulikwenda kwa mwenye nyumba na daftari. Tulimwonyesha kinachoingia na kinachotoka, tukaahidi kodi ya kila mwezi kamili na juu yake kipande cha deni. Alifoka, na haki alikuwa nayo. Halafu akapiga hesabu: nyumba ikikaa tupu akitafuta mpangaji, naye anaumia. Tukaandikiana, tukatia sahihi. Deni likaisha baada ya miezi 11.

Kaka yangu niliyemsomesha nilipomwomba msaada alisema, "Tutaona." Mpaka leo anaona.

Tangu hapo nimeshasimama na kaya nne, na hakuna hata moja iliyotoka nje. Najisifu, ndiyo. Ukimsaidia mtu, omba kwanza uione notisi, soma tarehe, kisha pesa iende kwa mwenye nyumba na risiti ichukuliwe. Na mjue, katika nchi nyingi notisi peke yake haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuvunja kufuli. Lazima apate amri ya mahakama. Ukiitwa huko, nenda, maana usipotokea kesi inaweza kuamuliwa bila wewe. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni iliandika mwaka 1997 kwamba watu wasiondolewe kwa namna ya kuwaacha bila makazi, wala wasitolewe usiku bila ridhaa yao. Lakini hakuna atakayekutetea kwa karatasi uliyoificha kwenye mto!

Jamani, mnaogopa majirani watasema nini. Wakilikuta godoro lako barabarani watanyamaza? Semeni mapema, mwezi wa kwanza tu kodi inapopelea, wakati deni bado linabebeka.

Dada uliyeniandikia, tangu juzi hujanijibu. Leo zimebaki siku saba.